Mama Mchungaji Amelala Chali

Ukimkuta mama mwenye heshima zake amelala chali kwenye majani, mchana kweupe, macho wazi, viatu vimepangwa pembeni kana kwamba yuko mlangoni kwa watu, utamwamkia au utampita? Swali hilo lilitusumbua kijijini kwetu Rugu kwa miaka. Mtoto aliyelelewa vizuri hampiti mtu mzima bila shikamoo, hilo linajulikana. Lakini shikamoo tulizoea kumpa mtu aliyesimama, au aliyeketi, au aliye kitandani anaumwa. Kwa mtu aliyelala chini kwa hiari yake, kando ya njia ya kanisani, na isitoshe ni mke wa mchungaji, hatukuwa na utaratibu.

Wengine walikohoa kwanza. Wengine walikwepa kwa kupita kwenye kibanja changu, wakanikanyagia maharage chini ya migomba. Waliothubutu kumwamkia waliitikiwa marahaba yenye upole wote, ila macho ya Mama hayakushuka. Hapo ndipo ilipoanza ile habari kwamba ana majivuno ya watu wa Bukoba. Hakuwa na majivuno hata kidogo. Alikuwa anatazama wingu, na wingu halimsubiri mtu amalize salamu.

Nyumba ya mchungaji wa Kilutheri na ya kwangu zilitenganishwa na ua wa minyaa tu. Mimi ni Mkatoliki, tena mwalimu wa shule ya msingi, mtu wa ratiba na kengele. Sina subira na kitu kisicho na saa yake. Nilikuwa natoka shuleni mbiombio, kahawa inanisubiri, kuni zinanisubiri, madaftari ya watoto yananisubiri, halafu napita pembeni ya mtu mzima aliyelala anaangalia juu. Nakiri kwamba siku za mwanzo nilifyonya, kimoyomoyo.

"Mwalimu," angeniita bila kugeuza kichwa. Alijua hatua zangu.

"Shikamoo Mama."

"Marahaba. Simama kidogo, waitu," angesema, kwa lile neno la kwetu la kumbembeleza mtu. "Tazama lile pale."

"Linaleta mvua?"

Hapo alikuwa anarudi kwenye wingu lake, nami naendelea na safari yangu.

Siku moja tulipokuwa tunachambua maharage barazani kwake, aliniambia jambo kwa sauti ya mtu anayeomba chumvi. Alisema hakuna kitu anachokitamani kama kupata mtu wa kutazama naye. "Si wa kuniuliza mvua, Mwalimu. Wa kutazama tu. Mmoja ananitosha." Nikamwambia nitakuja kazi zikipungua. Kazi za kwetu, anayezijua anazijua.

Mawingu yake yalikuwa na majina, na majina aliyatoa palepale tulipoishi. Yale madogomadogo yanayotapakaa angani kwa nafasi zinazolingana aliyaita Maharage, kwa sababu ndivyo maharage yanavyokaa kwenye mkeka yakianikwa na mtu asiye na haraka. Yale membamba ya juu kabisa, yaliyochanwachanwa, yalikuwa Manyoya. Ukungu unaojaa mabondeni asubuhi, mpaka vilima vyetu vinabaki vichwa vitupu, aliuita Shuka, na ukitaka kumuudhi umwambie ukungu si wingu. "Ni wingu lililolala," angekujibu. "Hata mimi nikilala bado ni mtu." Yale meupe ya mchana, yenye kitako bapa na mgongo wa mviringo, kila moja limesimama peke yake, yalikuwa Vichuguu. Na lile kubwa la vuli linalopanda taratibu nyuma ya kilima, likatanua kichwa, likanguruma muda mrefu kabla ya kufanya lolote, aliliita Mzee wa Kanisa. Jina hilo alilitumia mbele yangu tu, maana mimi si msharika.

Binti yake aliyeolewa Nyakatuntu, kule Kyerwa, alimwekea kwenye simu picha za mawingu zenye majina ya kitaalamu. Mama aliyasoma yote kwa sauti, polepole, akarudisha simu. "Majina mazuri," alisema, "ila yanafaa zaidi kwa dawa." Tangu hapo simu ilikuwa ya kupigia tu.

Usidhani mtu huyu alijua mvua. Hilo ndilo lililonichekesha kuliko yote. Katika kilima kizima hapakuwa na mtu aliyenyeshewa nguo kama Mama Mchungaji. Alianika, akatazama juu kuona kama kumekucha vizuri, akaona kitu, akalala chini kukitazama. Kitu kikakua, kikawa cheusi, yeye akakifurahia weusi wake, na matone yakamkuta hapohapo. Mashuka, mataulo, kanzu nyeupe ya ibada ya Mchungaji, vyote vikarudi ndani vikiwa vizito kuliko vilivyotoka. Mara ngapi nilimpigia kelele kutoka upande wangu wa minyaa: "Mama, nguo!" Naye angekurupuka, viatu mkononi, akicheka. Jumapili moja Mchungaji alipanda madhabahuni na kanzu mbichi. Ilimshika miguuni akawa anatembea hatua fupifupi, na washarika wakadhani ni unyenyekevu.

Tena aliogopa radi. Mtu aliyeweza kulala chini ya Mzee wa Kanisa na kumsifia mabega yake, radi ya kwanza ikipiga alikuwa ameshafunika vioo vyote vya nyumba kwa khanga na kujikunyata pembeni ya kitanda. Nilimuuliza anawezaje kupenda wingu na kuogopa kinachotoka ndani yake. Akaniuliza kama mimi sipendi watoto wa shule. Nikasema nawapenda. Akaniuliza kama sijawahi kuwaogopa. Nikabadilisha mazungumzo.

Kwa nini basi? Nilimuuliza hilo pia, kwa sababu mimi kitu kisipokuwa na sababu kinaniwasha. Alifikiri kidogo, vidole vyake bado vinachambua maharage. "Nyumba ninayokaa ni ya usharika," alisema. "Viti ni vya usharika. Sahani zile kubwa ni za usharika. Hata mume ni wa usharika, wakimhitaji usiku anatoka. Silalamiki, nililijua hilo nilipokubali posa. Ila kule juu hakuna aliyenipangia zamu." Kisha akaniomba niipue sufuria, kwa kuwa ndizi zilikuwa zimeiva.

Mtu wa namna hiyo haachwi kimya na jirani zake. Wanamaombi wa usharika walikuwa wa kwanza kuamua kwamba Mama anaona maono. Walikuja siku moja baada ya kazi za shamba, wanawake wachache waliojifunga vitambaa vyeupe, wakapiga magoti kumzunguka pale kwenye majani. Mimi nilikuwa nakata majani ya ng'ombe karibu na ua, nikaacha panga lipumzike nisikilize. Kiongozi wao akainama, akanong'ona, "Mama, Bwana anakuonyesha nini?"

"Wingu, dada."

"Wingu lenye nini ndani yake?"

"Sijui, waitu. Nalitazama kwa nje."

Walikaa, wakasubiri. Yeye akawasogezea nafasi kwenye mkeka aliolalia, akifikiri pengine leo amepata watu. Lakini kila mmoja alikuwa amefumba macho. Walipoondoka nilimwona amekaa kitako, mikono magotini, akiutazama mkeka mtupu. Nilimhurumia, na bado sikwenda, maana ng'ombe walikuwa wanalia njaa.

Na wale wasiomdhania maono walimdhania mvua. "Mama, itanyesha?" lilikuwa swali la kila mpita njia, na yeye alikuwa na jibu moja: "Hilo mwulize anayeileta." Akiulizwa, "Sasa unatafuta nini huko juu?" alijibu, "Sitafuti. Nimeshapata." Watu waliona anawaficha. Kwetu mtu hawezi kutazama angani saa nzima bila kuwa na kahawa nje. Wakati wa senene tu, wale panzi watamu wanaopita angani kwa makundi, ndipo aliposalimika, kwa sababu msimu ule kila mtu anatembea kichwa juu, mpaka na wazee wenye fimbo, naye alionekana mtu wa kawaida kabisa.

Sasa nieleze siku tuliyomzika mama yangu. Padri anasoma, watu wote wameinamisha vichwa kuzunguka kaburi pale kwenye kibanja chetu, udongo mwekundu umelundikwa juu ya majani ya migomba. Nikainua macho kidogo kutafuta leso, nikamwona Mama Mchungaji upande wa pili, kidevu juu, anatazama mbinguni kana kwamba yuko kwenye majani yake. Iliniuma. Nilisema moyoni, hata leo? Hata kwa mama yangu aliyekuwa anamletea mbegu za maharage? Kwa wiki kadhaa nilimwamkia kwa mdomo tu, na yeye alijua.

Halafu akaja. Alileta mkungu wa ndizi kichwani, akautua, akaketi kwenye kigoda jikoni kwangu bila kukaribishwa. "Mwalimu," alisema, "siku ya kuzika, kila mtu anatazama shimo. Ndivyo inavyopaswa, ni mtu wako. Lakini baadaye unakumbuka shimo tu. Kwa hiyo nilikuwekea ya juu." Kisha akanieleza anga la siku ile. Kulikuwa na Manyoya, alisema, membamba sana, yamechanwa kuelekea upande wa machweo. Padri alipoanza kusoma yalikuwa juu ya paa la nyumba, tulipomaliza kufukia yalikuwa yamefika juu ya mibuni ya mama, na hayakuwa yamekatika hata mahali pamoja. Alinieleza polepole, kama mtu anayerudisha kitu alichoazimwa na hataki kukivunja njiani.

Nililia kuliko nilivyolia msibani. Mpaka leo nikimfikiria mama yangu siuoni ule udongo kwanza. Nayaona Manyoya yakivuka juu ya mibuni yake, na sikuyaona kwa macho yangu.

Ile Jumapili iliyomharibia, nitaieleza kama nilivyoiona kutoka kwangu. Ulikuwa mwisho wa msimu wa kahawa, mawingu ya vuli yameanza kuja kutusalimia, na kila ua kutoka kanisani hadi mtoni umetandikwa turubai. Anayelima kahawa anajua hofu ya siku zile. Kahawa ya maganda ikinyeshewa inaota ukungu, na wanunuzi wa Omurushaka wanaingiza mkono guniani, wananusa, kisha wanakutazama usoni bila kusema kitu. Mimi nilikuwa nimerudi misa ya kwanza, namenya ndizi mlangoni, nasikia kwa mbali Mchungaji akihubiri.

Mama alikaa benchi la mbele, pembeni ya dirisha, kiti chake cha siku zote. Baadaye aliniambia alichokiona: Vichuguu vimejipanga mstari mmoja juu ya kilima cha ng'ambo, na kila kimoja kina kivuli chake chini kwenye mteremko, vivuli vinatembea pamoja na wenyewe. Alijisahau. Akanyanyuka nusu kutoka kwenye benchi, mkono mdomoni.

Aliyekaa nyuma yake alimwona, akamgusa mwenzake. "Mama Mchungaji ameiona mvua."

Nilichoona mimi ni mlango wa kanisa kufunguka na wanawake kutoka, kwanza wawili, kisha wengi, kisha wanaume, kisha waimba kwaya na majoho yao, viatu mkononi, wakiteremka kilima mbio. Nikauliza kuna nini. Mmoja akanijibu bila kusimama, "Mvua. Mama Mchungaji ameiona." Nilitupa kisu. Mimi ambaye nilikuwa nikimwokolea nguo kila wiki, mimi niliyejua kwamba hajui, nilikimbia na kuanza kuanua kahawa yangu kwa mikono miwili. Barabara nzima ilianua. Siku hiyo Wakatoliki na Walutheri tulikuwa kitu kimoja.

Tulipomaliza, tukakaa juu ya magunia na nguo zetu za kanisani, tunahema, tunatazama juu. Jua lilikuwa kali mpaka mabati yanalia. Halikudondoka hata tone, siku ile wala kesho yake. Wengine walianza kucheka. Wengine hawakucheka, na hao ndio wenye sauti kwenye vikao.

Kilichozidisha ubaya ni mahubiri yenyewe. Mchungaji alikuwa anawafundisha watu wasisumbukie kesho.

Baraza la wazee likaketi. Mchungaji alikuwa mtu wa maneno machache, na kama mkewe alitazama juu, yeye alitazama chini. Furaha yake ilikuwa migomba. Kila jioni alipita shina kwa shina akikagua mnyauko, na ukimsemesha alijibu akiwa ameinama. Walioshuhudia kikao wanasema aliwasikiliza wazee wote hadi mwisho, kisha akasema, "Mke wangu hakupiga yowe. Mbio mlipiga ninyi." Hata hivyo uamuzi ulipita. Mama ahamie benchi la upande wa ukuta usio na dirisha, na aangalie mwenendo wake hadharani, kwa ajili ya heshima ya kazi ya mumewe.

Akahama benchi. Hilo lisingekuwa kitu. Lakini aliacha na majani pia. Mkeka uliviringishwa ukasimamishwa nyuma ya mlango wa jiko. Alianza kupita njiani kama sisi wengine, macho miguuni, ndoo kichwani, akiwaamkia watu mmoja mmoja kwa jina. Watu wakamsifia kwamba sasa ametulia. Miezi ile nguo zake hazikunyeshewa hata mara moja. Alizianua mapema, zimekauka kabisa, akazikunja, na mimi nilisimama upande wangu wa ua nikiwa na neno mdomoni lisilo na kazi.

Nilimuuliza mbona hatoki tena. "Nimemchosha Mchungaji," alijibu. "Mtu amehubiri miaka yote hiyo, halafu wanamkumbuka kwa siku ambayo mkewe alilitoa kanisa mbio." Uso wake ulikuwa umepungua. Nilitaka kumwambia twende sote tukalale pale kwenye majani, tuone nani atatufanya nini. Badala yake nikamuuliza bei ya maharage, kwa sababu mimi ni mwalimu na wazazi wa wanafunzi wangu wanapita njia ile.

Aliyelimaliza jambo ni Mchungaji, tena bila kusema kitu. Asubuhi moja, Shuka bado limejaa bondeni, nilimwona anatoka na ule mkeka begani. Akaenda nao hadi pale pale pembeni ya njia, akautandika, akaunyoosha kwa mguu, akaweka jiwe kila pembe upepo usiuchukue. Washarika waliokuwa wanakwenda shamba walisimama kumwamkia, akawaitikia. Kisha akarudi kwenye migomba yake na kuinama. Mkeka ulikaa pale asubuhi nzima mtupu. Adhuhuri Mama alitoka, akavua viatu, akavipanga, akalala. Siku hiyo niliona mashuka yananyeshewa na sikumwita, nikayaacha yanyeshewe. Nilifurahi mno.

Mchungaji mwenyewe hakulala pale hata siku moja. Alikuwa mume wa kutandika, si wa kutazama, na Mama hakumdai zaidi ya hapo. Ila lile ombi lake la mtu mmoja lilibaki palepale.

Kisha Mchungaji akafariki, baada ya kuugua kwa muda mfupi, na kwa ombi la washarika akazikwa karibu na kanisa. Ulikuwa tena mwisho wa msimu wa kahawa. Siku ya mazishi Mama alikaa kama mjane anavyokaa, khanga nzito imemfunika kichwa hadi usoni, mwanamke mmoja kulia, mwingine kushoto, wamemshika. Watu walikuwa wengi, na najua, kwa sababu nawafahamu, kwamba wapo waliomtazama yeye kuliko jeneza, waone kama atainua kichwa hata leo. Hakukiinua. Kuanzia wimbo wa kwanza hadi shada la mwisho, alitazama shimo. Wiki chache baadaye mchungaji mpya aliihitaji nyumba, na binti akaja na gari dogo kumchukua mama yake kwenda Nyakatuntu. Alipita kuniaga. Alinikabidhi sufuria yangu aliyokuwa ameiazima, akanikumbatia, akasema tutaonana. Nami nilikuwa na neno la kumpa, lakini binti alikuwa anapiga honi.

Nilikwenda likizo iliyofuata. Rugu hadi Omurushaka, nikabadilisha gari, kisha Kyerwa, kisha bodaboda ambayo dereva wake aliniuliza ninamfuata nani. Nilipotaja, alisema, "Ah, yule bibi wa kichanja."

Sikumwelewa mpaka nilipofika. Nyuma ya nyumba ya binti yake, kati ya migomba na jiko, kulikuwa na kichanja cha kuanikia kahawa, kile cha miti na wavu ambacho mabwana shamba wanatuhimiza tujenge ili kahawa isilale chini. Mkwe wake alikuwa amekijenga imara, na pembeni amekiwekea ngazi fupi ya miti. Juu yake, kwenye mkeka ninaoujua, alikuwa amelala Mama Mchungaji. Viatu vimepangwa chini ya ngazi.

"Magoti yamekataa," aliniambia alipomaliza kunikumbatia. "Nikilala chini siinuki, wananiinua wawili kama gunia. Mkwe wangu akasema basi nitakujengea cha juu. Wakati wa kahawa tunagawana, nusu yake nusu yangu."

"Anatuaibisha, Mwalimu," binti yake alisema, ila alikuwa anacheka, na mkononi ameshika kikapu kidogo cha kahawa ya kutafuna. Tukachukua punje, tukatafuna, nikatoa habari za Rugu: nani ameoa, nani amehama, benchi la dirishani sasa anakaa nani. Mama akasikiliza yote. Akaniambia mawingu ya Nyakatuntu mengi yanatoka Uganda, yanavuka mpaka na hakuna anayeyauliza kitambulisho. Amezeeka, lakini uso wake ulikuwa umerudi mahali pake.

Kisha akapanda ngazi yake, hatua kwa hatua, akalala. Mimi nilisimama chini na gauni langu la safari. Jirani mmoja alikuwa ananitazama kutoka kwenye mibuni ng'ambo ya njia. Nikavua viatu, nikavipanga pembeni ya vyake, nikapanda. Kichanja kililalamika kidogo, kikanyamaza. Wavu ulinichoma mgongoni kupitia mkeka. Juu yetu kulikuwa na Maharage, mengi, yameanikwa vizuri mpaka mwisho wa macho.

Nilisikia pumzi yake. Hakuniuliza chochote, kwa hiyo nilianza mwenyewe.

"Mama, siku ile ya Mchungaji. Ulikuwa umefunikwa."

"Nilikuwa nimefunikwa," alisema.

"Nilikuwekea ya juu."

Hakusogea. Nikamweleza, polepole, kama nilivyoelezwa mimi. Asubuhi kulikuwa na Shuka zito, likachelewa kuondoka. Jeneza lilipotoka kanisani likaanza kufunguka, na anga likabaki safi, isipokuwa Kichuguu kimoja, kidogo, upande wa migomba yake aliyoipanda nyuma ya nyumba. Hakikwenda popote. Nilikitazama muda wote wa mahubiri. Walipoanza kufukia kikaanza kupungua, kwanza mgongo, kisha kingo, kikawa chembamba. Wimbo wa mwisho ulipokwisha, nacho kilikuwa kimekwisha, palepale kilipokuwa, bila upepo wowote kukichukua.

"Upande wa migomba," alisema.

"Upande wa migomba."

Machozi yalimtoka, yakaelekea masikioni kama yanavyofanya kwa mtu aliyelala chali. Hakuyafuta. Nikamwambia kwamba watu walipoondoka nilibaki kwenye ngazi za kanisa, kwa kuwa sikuweza kuacha, na kwamba alasiri Mzee wa Kanisa alipanda nyuma ya kilima, nikamwona tangu akiwa mdogo kama ngumi hadi alipotanua kichwa. Nilimtazama anavyokuja. Mabega yake yalikuwa na rangi ambayo sijui niiite nini.

Kisha akageuza kichwa, mara ya kwanza tangu nimfahamu kumwona akiacha wingu kumtazama mtu.

"Mwalimu," alisema, "siku hiyo hukuwa na kahawa nje?"

"Nilikuwa nayo. Niliianika asubuhi kabla ya kuja msibani."

"Ikanyeshewa?"

"Ikanyeshewa."

"Yote?"

"Yote, Mama."

Alicheka mpaka kichanja kikatikisika, na binti yake akatoka jikoni mbio kuona kama tumeanguka.